Jambo Zito Likae Mwisho

Mimi hufundisha uuguzi, na wanafunzi wangu huniita Sista Wembe wakidhani sijui. Jina lenyewe silichukii. Ripoti ya kukabidhi zamu inatakiwa ikate moja kwa moja: nani, anaumwa nini, amefanyiwa nini, aangaliwe nini. Anayeipokea anaisoma amesimama, mkono mmoja unafunga aproni, na mgonjwa wa kitanda cha tatu tayari anamwita. Hana nafasi ya porojo.

Basi mkuu wetu wa chuo akaenda semina, akarudi na jambo. Alitukusanya ukumbini walimu wote, wa umeme, wa upishi, wa ushonaji, wa uhasibu na sisi wa uuguzi, akatutangazia kwamba kuanzia muhula huo uandishi si somo la mtu mmoja tena. Utafundishwa ndani ya kila somo, na mwalimu wa uandishi atakuwa anazunguka idara zote kutushika mkono. Mwalimu wa umeme aliuliza kama sasa nyaya zitaungwa kwa insha. Sisi tulicheka, mkuu hakucheka, na kikao kikaishia hapo.

Huyo mwalimu wa uandishi ni mwanamume mwembamba, mpole kupita kiasi, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa na sauti ya mtu anayeomba radhi. Wanafunzi wamembandika jina la Bwana Aya. Wanasema ukimuuliza choo kiko wapi atakupa utangulizi, kisha kiini, na kufikia hitimisho wewe umeshaadhirika.

Siku alipoingia darasani kwangu nilikaa nyuma na kukunja mikono. Aliwaambia wanafunzi kwamba msomaji ni mgeni, na mgeni hatwishwi mzigo mlangoni. Mkaribishe kwanza, alisema. Mwonyeshe chumba, mwonyeshe mtu aliyemo. Jambo zito likae mwisho, ndipo litamkaa moyoni. Wanafunzi waliandika maneno hayo mbio mbio kama dawa iliyotajwa na daktari, nami nikajua nina kazi.

Tulitakiwa kusahihisha pamoja, mimi kwa wino mwekundu, yeye kwa kijani. Hapo ndipo vichwa vya watu vilipoanza kuwanga. Mwanafunzi aliandika kwamba mgonjwa alikuwa akitazama ukuta muda wote. Mimi nikaandika pembeni "haihusu", yeye akaandika "vizuri sana, endelea hivi hivi". Palepale, mstari mmoja. Watoto walikuja ofisini kuniuliza wamfuate nani. Niliwaambia wanifuate mimi, ingawa kusema kweli hata mimi nilishaanza kusoma ripoti zangu mwenyewe za zamani nikijiuliza zilikuwa za watu au za vitanda.

Nilimkabili ofisini kwa walimu. Nilimwambia wodi si sebule. Aliniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama muuguzi huona tu kile alichoambiwa akione. Nikamwambia chai yake inapoa.

Miongoni mwa wanafunzi wangu yupo mmoja tunayemwita Kimya. Haongei. Ukimuuliza swali anakutazama kwanza mpaka unajiona wewe ndiye uliyeulizwa. Mikono yake ni mizuri, sindano yake haiumi, lakini nilikuwa sijajua kichwani mwake mna nini, mpaka yaliyompata mama yangu.

Mama alikuwa na uvimbe shingoni, miaka nenda miaka rudi. Aliufunika kwa mtandio, nyumbani na njiani, jua na mvua. Mimi, mwalimu wa wauguzi, naishi na mama mwenye uvimbe mkubwa kama ngumi, na kila nikifungua mdomo juu ya upasuaji ananiuliza kama nimeona chumvi imekwisha jikoni. Alikuwa na hofu moja tu na hakuificha: dawa ya usingizi. Alisema mtu akilazwa kule ndani hawi mtu tena, anakuwa nyama mezani, na anayemshika hajui hata alikuwa anacheka vipi.

Uvimbe ukazidi, ukaanza kubana koo. Akawa hawezi kulala amejinyoosha. Daktari wa upasuaji aliniita pembeni akaniambia njia ya hewa imebaki nyembamba, tusisubiri. Nilipiga magoti mbele ya mama yangu, na siku hiyo, sijui kwa nini siku hiyo, akakubali. Lakini aliweka sharti.

"Nitakwenda mara moja," alisema. "Wakishindwa kunifanyia, nikarudi nyumbani, habari ya shingo usinitajie tena mpaka unizike."

Namjua mama yangu. Neno lake halina mlango wa nyuma.

Akalazwa wodi ileile wanafunzi wangu wanakojifunzia, kitanda cha mwisho, chini ya dirisha. Alipangiwa upasuaji siku ya tatu, kwa hiyo asubuhi ya siku ya pili nilipita kabla ya vipindi na chupa ya chai na mkate. Zamu ya usiku ilikuwa imeshaondoka. Muuguzi wa asubuhi alikuwa anahangaika na dripu iliyogoma, akanipa ripoti ya usiku kwa sababu ilikuwa ya mwanafunzi wangu na ilihitaji alama. Alisema ameipitia juu juu na mama yuko salama. Nikamuuliza kama anaweza kula. Akasema upasuaji ni kesho, mwache ale.

Nikammiminia mama chai. Nikamkatia mkate. Nikaketi kwenye kiti cha wageni, nikachomoa kalamu nyekundu, nikaanza kusoma kazi ya Kimya.

Ilianza na dirisha. Iliandika kwamba dirisha la kitanda cha mwisho halifungi vizuri, na upepo wa alfajiri huingia na harufu ya nyasi zilizokatwa. Damu ilinipanda. Nikaandika: "Dirisha si mgonjwa." Nikapiga mstari chini ya "harufu", nikapiga mwingine chini ya "nyasi", nikaandika "nani kakuuliza", kisha nikaona ni ukali mno, nikafuta, nikaona si ukali, nikaandika tena. Mama alichovya mkate kwenye chai akaniuliza midomo imenirefuka kwa nini. Nikamwambia ni wanafunzi. Akasema kama ni wanafunzi basi aongezewe chai. Nikamwongezea.

Aya ya kwanza ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa nagombana nayo. Nilikuwa naona kabisa kijani cha Bwana Aya kikiisifia. Ya pili niliirukaruka, nikakata hapa na pale bila kusoma vizuri. Nikageuza karatasi.

Mstari wa mwisho ulisema: daktari wa upasuaji amepiga simu alfajiri, mgonjwa wa leo ana homa, kwa hiyo Bibi wa kitanda cha mwisho ataingia badala yake asubuhi hii. Asile wala asinywe chochote.

Mama alikuwa anapangusa makombo kifuani.

Wahudumu walikuja na kitanda cha magurudumu nikiwa bado nimeshika karatasi. Mtaalamu wa dawa ya usingizi alipoisikia habari ya chai ya maziwa alitikisa kichwa na nafasi akapewa mgonjwa mwingine. Daktari hakuona tatizo kubwa. Alisema kesho iko palepale kama ilivyopangwa tangu mwanzo, hakuna kilichoharibika. Huyo hamjui mama yangu. Walipoondoka tu, mama alishusha miguu, akaufunga mtandio wake na kuuliza viatu viko wapi.

Nilimsihi. Nilimweleza habari ya homa ya mgonjwa yule, habari ya simu, habari ya ripoti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hawajui kama nile au nisile," akasema. "Ndio wanifungue shingo? Nilisema mara moja, mwanangu. Mara moja imeshapita. Viatu."

Nilitoka nje ya wodi roho mkononi. Nikaagiza Kimya aitwe kutoka bwenini na Bwana Aya aitwe kutoka popote alipokuwa anawaharibu watu. Walikuja ukumbini mwa wodi karibu pamoja, msichana na macho ya usingizi, mwalimu na mkoba wake. Sauti yangu ilipanda mpaka wageni wa wagonjwa wakageuka. Niliwaambia mama yangu anafungasha virago, kwamba koo lake linafunga, kwamba akitoka kwenye ule mlango hatarudi, na yote hayo ni kwa sababu mtu mzima na akili zake alifundisha wauguzi kuficha jambo zito mpaka mwisho kama zawadi.

Bwana Aya hakujitetea. Alisema ni kosa lake, tena akalisema wazi na kwa ufupi, bila utangulizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita kamili. Sasa hasira yangu sikujua niitue wapi. Nikamgeukia Kimya. Nikamuuliza alikuwa anafikiri nini.

Alinitazama kwanza, kama kawaida yake.

"Nilimwambia Sista wa usiku, lakini alikuwa anakimbilia mtoto aliyeshindwa kupumua," alisema. "Na kuandika, Sista, mwalimu alisema jambo zito likae mwisho. Wewe ulisema tufuate mpangilio wa saa. Simu ilikuja mwisho. Nikaona kwa mara ya kwanza mmekubaliana."

Ni kweli, ndivyo ninavyofundisha. Lililotangulia litangulie, lililofuata lifuate. Nimelisema mara nyingi mpaka nikasahau kuwa nalisema. Nilimtazama Bwana Aya, naye akanitazama, na kama ningekuwa na mahali pa kukaa ningekaa.

Sauti ya mama ikatoka ndani. Aliuliza ni karatasi gani hiyo tunayoipigia kelele, na kama inamhusu yeye basi aisikie. Nikamwambia ni kazi ya darasani, haina maana. Akasema haina maana vipi na imemnyima upasuaji. Bwana Aya akajitolea kuisoma. Mama akakataa.

"Aliyeandika ndiye asome," akasema.

Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Kimya alisimama miguuni pa kitanda, akaishika karatasi yenye michoro yangu myekundu, akasoma kwa sauti ndogo. Dirisha lilipita, nyasi zikapita. Kisha akafika pale nilipokuwa nimeparuka.

"Bibi halali amejinyoosha. Anakaa ameegemea mito, mkono wa kulia uko shingoni usiku kucha, kama mtu anayezuia mlango. Akisinzia mkono unateleza, naye hushtuka na kuurudisha. Nilimuuliza kama anaumwa. Alisema haumwi, anahakikisha tu kama bado yupo. Kila nikipita hufumbua macho kuona kama nimemwona. Nami humwambia, nimekuona, Bibi. Mara ya mwisho nilipopita hakufumbua."

Nataka nieleze vizuri nilichosikia moyoni, lakini kimevurugika mpaka leo. Chumba changu na cha mama vinatenganishwa na ukuta mmoja. Miezi yote hiyo nilimpimia mapigo ya moyo, nikamhesabia pumzi, nikamwekea mto wa pili na wa tatu. Habari ya huo mkono sikuijua. Nilikuwa nimeikata kwa wino mwekundu nikiwa nimeketi pembeni yake.

Mama aliusogeza mtandio wake. Kisha akamwambia Kimya:

"Ile mara ya mwisho nilikusikia. Nilinyamaza tu."

"Nilijua, Bibi."

"Ulijuaje?"

"Mkono haukuteleza."

Mama akacheka, kile kicheko chake cha puani, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu koo lianze kumbana. Halafu akaacha kucheka. Aliuliza kesho watakapomlaza kule ndani, macho yake hayatafumbuka hata akiitwa, ni nani atakuwa anapita. Hakuniuliza mimi. Kimya akanigeukia, na mimi nikasema kwamba mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji na kusimama upande wa kichwa, nikimwombea ruhusa mimi. Nikasema nitaomba. Sauti yangu haikuwa ya wembe hata kidogo.

"Basi," mama akasema, akavua kiatu. "Virudisheni chini ya kitanda. Lakini wewe, mjukuu wangu, siku nyingine habari ya chakula uanze nayo. Chai ya binti yangu si tamu kiasi hicho."

Bwana Aya alinisindikiza mpaka kwenye benchi la nje. Tulikaa na ile karatasi kati yetu. Ilitakiwa iwe na alama kabla ya jioni na hakuna aliyejua tuipe nini. Karatasi hiyo ndiyo iliyompotezea mama nafasi yake, na hiyohiyo ndiyo iliyomvua kiatu. Ningempasisha, ningekuwa nimebariki siku ambayo mgonjwa mwingine atakunywa chai na asiwe na bahati. Ningemfelisha, ningekuwa nimeufelisha ule mkono shingoni. Nilimwambia Bwana Aya yeye ndiye msomi wa mambo haya, anieleze. Akatoa kalamu yake ya kijani, akaitazama, akairudisha mkobani. Alisema siku hizi akiingia darasa la umeme anaogopa kufungua mdomo, maana hajui ni mstari gani utakaomrusha mtu. Nilitaka kumcheka lakini sikuweza. Tukamwandikia mkuu kwamba alama itachelewa.

Kesho yake nilifika mapema, mikono mitupu, bila chupa wala mkate. Nilisimama mlangoni mwa wodi, nikachomoa kalamu. Kimya alikuwa amefanya zamu nyingine ya usiku pale kwa kuomba mwenyewe, na alikuwa anamalizia ripoti yake; alipoiacha mezani niliisogelea. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imepigiwa mstari: ASILE WALA ASINYWE CHOCHOTE. ANAINGIA WA KWANZA. Kisha dawa, mapigo ya moyo, pumzi, kila kitu mahali pake kama nilivyofundisha. Nikasema sasa huyu ameelewa, nikafungua kifuniko cha kalamu ili nimwandikie neno zuri kwa mara ya kwanza.

Chini yake aliacha nafasi, kisha akaandika mistari mingine. Mama amelala vizuri kidogo. Ameomba mtandio wake ukunjwe, usitundikwe. Na mwisho kabisa: "Binti yake amekuja mapema. Amesimama mlangoni na kalamu mkononi. Hajui aingie kama mwalimu au kama mtoto."

Habari za ndugu wa mgonjwa haziingii kwenye ripoti. Hiyo ni kanuni, na si ya kwangu peke yangu. Nilisimama na kalamu imefunguliwa mpaka wahudumu wakaja na kile kitanda chao, mama akapandishwa, na Kimya akatembea pembeni yake upande wa kichwa. Mama alifumbua macho mara moja njiani. Nilisikia sauti ndogo ikimwambia, nimekuona, Bibi. Mlango ukafungwa, nami nikalia pale ukumbini mbele ya watu, mwalimu mzima na sare yangu.

Alipotolewa alikuwa hana rangi, shingo imefungwa bendeji, nyembamba, ya ajabu, shingo ya mtu nisiyemjua. Daktari alisema mambo yamekwenda sawa. Kimya alisinzia wima ukutani, nikamfukuza akalale. Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikamngoja mama, na nilipoona kope zinacheza nilisogea. Aliangaza chumba chote kwanza. Alikuwa anamtafuta mwingine.

"Amekwenda kulala, Mama," nilimwambia. "Nipo mimi."

Sauti yake ilitoka kama karatasi inayokunjuliwa.

"Uniandikie wewe basi," akasema. "Mjukuu wangu asipitwe."

Nikatafuta karatasi. Mfukoni nilikuwa na kalamu nyekundu tu. Nimefundisha watu wengi kuandika ripoti, na nilikaa pale nikiitazama karatasi tupu, sijui nianzie wapi, kwenye pumzi au kwenye macho. Nikaandika: Ameamka. Hapo ndipo ripoti yangu ingeishia siku nyingine yoyote. Nilimtazama. Alikuwa ameshafumba macho tena, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka, wazi, haujashika kitu. Nikaandika na huo.